Tone la Maji Matupu

Picha ilitundikwa ukutani, kwenye ukumbi wa maabara, kabla mtu yeyote hajaniuliza kama nakubaliana nayo. Ilikuwa kubwa kama mlango wa kabati, nyeusi na nyeupe, ndani ya fremu ya mninga, na ilionyesha michemraba: vijisanduku vyenye pembe kali vilivyotawanyika kama dadu zilizomwagwa mezani. Maelezo ya chini yalisema kwamba hizo ni chembe za fedha, ile fedha ya pete na heleni, zilizotengenezwa kwa msaada wa majani ya mzabibu wa Dodoma. Chini zaidi, kwa herufi ndogo, kulikuwa na majina ya waliotayarisha sampuli. La kwanza lilikuwa langu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa shahada ya pili, katika kikundi cha utafiti kilichokuwa na watu wachache na mashine moja kubwa. Mkuu wa kikundi tulimwita Profesa. Fundi wa mashine alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, aliyesomea kazi hiyo Ulaya ya Mashariki enzi za mashirika ya umma, naye tulimwita Mzee tu. Miaka ile karibu kila kitu nchini kilikuwa kinaingia kikiwa kimeshatumiwa na wengine: makoti, friji, mabasi yenye maandishi ya Kijapani mlangoni. Hadubini yetu ya elektroni nayo ilikuwa mtumba. Chuo kimoja cha ng'ambo kilipata mpya kikatupa sisi ya zamani, na Mzee alitumia karibu mwaka mzima kuirudisha kwenye uhai kwa spana, stabilaiza ya umeme na subira.

Nilikuwa naipenda mashine ile kuliko nilivyopenda watu wengi. Haitumii mwanga. Inarusha elektroni kutoka kwenye waya mwembamba uliopashwa moto, zinashuka ndani ya mnara wa chuma ulionyonywa hewa yote, zinapita kwenye sampuli, na chini kabisa zinagonga bamba linalong'aa kijani. Kitu kinachozuia elektroni kinaonekana cheusi. Chukua milimita moja uikate vipande milioni. Kipande kimoja ndicho nanomita, na sisi tulitazama vitu vya nanomita hamsini au sitini kana kwamba tunatazama maharage kwenye ungo. Sampuli yenyewe ilikaa kwenye wavu wa shaba wa duara, mdogo kuliko punje ya dengu. Unaushika kwa kibano, unadondosha tone moja, unasubiri likauke.

Kazi ya kudondosha ilikuwa yangu. Nalisema hili mapema ili isije ikaonekana nimelificha.

Alhamisi ya wiki iliyofuata walikuwa wanakuja wageni: watu wa wizarani, na watu wa kile chuo kilichotupatia mashine. Wangetazama tunaifanyia nini, halafu waamue kama kikundi kiendelee. Ripoti ilikuwa tayari, picha ya michemraba ikiwa kwenye jalada. Profesa aliniita ofisini akaniambia kwamba mimi ndiye nitakayesimama mbele ya picha na kuwaeleza wageni, na kabla ya hapo nitie saini kwenye ukurasa wa sampuli.

"Utavaa vizuri," alisema. "Wakiona binti wa hapahapa ndiye aliyefanya, watafurahi."

"Profesa, naomba kuuliza kwanza."

"Uliza. Siku usipouliza nitajua unaumwa."

"Mpaka Novemba chembe zetu zilikuwa za mviringo. Kwa nini kuanzia Januari zimekuwa na pembe?"

"Kwa sababu mkono wako umekuwa mzuri zaidi."

"Na zile za mviringo ambazo bado zinaonekana pembeni ya picha?"

"Hizo ni michemraba ambayo haijakomaa."

Alilisema kwa uhakika wa mtu anayezungumzia ndizi. Niliitazama ile karatasi ya saini, nikasema nitairudisha wiki ijayo. Hakupenda, lakini simu yake iliita na mimi nikatoka.

Neno hilo la kukomaa halikunitoka kichwani. Tangu nikiwa mdogo nina ugonjwa wa kuuliza. Baba alipopunguzwa kazini kwa sababu shirika lake liliuzwa, alirudi nyumbani na barua iliyosema kwamba sasa shirika litakuwa bora zaidi. Nilimuuliza ni nani aliyepima. Alinifukuza sebuleni. Nilikuwa darasa la sita.

Kulikuwa na jambo lingine kuhusu ile michemraba, na hili nililiona kwa macho yangu. Ukiielekezea elektroni kwa muda, ilitoboka. Katikati ya kisanduku cheusi kilitokea kidoa cheupe, kikapanuka, na baada ya dakika chache likabaki ganda tupu. Ndiyo maana Mzee alikuwa ananihimiza.

"Piga picha upesi, binti. Hivi havivumilii."

"Mzee, tangu lini fedha haivumilii?"

"Usiniulize mimi. Mimi nimeajiriwa kuwasha mashine, sikuajiriwa kubishana nayo."

"Lakini umeona."

"Nimeona mengi," alisema, akaendelea kufuta vumbi kwenye mitambo kwa kitambaa chake cha pamba, kazi aliyoifanya mara tatu kwa siku, kwa sababu vumbi la Dodoma halina likizo.

Jumamosi nilikwenda Kibaigwa kumwona mama. Alianza udalali wa mahindi baada ya ile barua ya baba, wakati biashara ya nafaka ilipofunguliwa na kila mwenye lori akawa mnunuzi. Nilimkuta katikati ya soko, kitenge kiunoni, bambo mkononi. Bambo ni mrija wa chuma uliochongoka. Ukiuchoma kwenye gunia unarudi na punje za ndani, zile ambazo mwenye gunia hakuzipanga juu ili uzione. Mbele yake alikuwa kijana amekaa juu ya gunia lake, miguu inaning'inia.

"Mama, choma hili hapa," kijana alisema, akionyesha gunia la kwanza. "Meupe hayo, kama meno ya mtoto."

"Hilo umelichagua wewe. Nitachoma lile."

"Lipi?"

"Ulilolikalia."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, ila hakuinuka.

"Ah, mama! Hili ni la kukalia tu."

"Basi simama, na mimi nikalie."

Bambo lilitoka na unga na dumuzi wawili walio hai. Mama alivitia kiganjani, akamwonyesha kijana, akahamia kwa muuzaji mwingine. Nilimsalimia shikamoo tukiwa tunatembea, nikamweleza habari ya picha, na saini, na wageni wa Alhamisi. Alisikiliza huku anagonga magunia kwa kiganja.

"Sasa unataka kugombana na profesa wako?"

"Nataka kujua nimepiga picha ya nini."

"Mwanangu, mimi sijui hayo mambo yenu. Ninachojua, nyumbani kuna barua moja ya kufukuzwa kazi. Inatosha. Usiniletee ya pili."

Hakuwa anatania. Ada yangu ilitoka kwenye nafasi ile. Profesa akiniondoa kwenye kikundi, na chuo kimekwisha. Nilikuwa namtazama yule kijana kwa mbali, amehamishia makalio yake kwenye gunia jingine, na nikawa najiuliza: sisi kule maabara tumekalia gunia gani?

Jibu nililipata kesho yake Mkonze, nilikokuwa nimepanga chumba, na nililipata kwenye birika. Yeyote aliyewahi kuishi Dodoma anajua maji yetu. Sabuni haitoi povu mpaka uikasirikie. Shati likikauka linasimama lenyewe. Birika ndani lina magamba meupe ambayo kila baada ya miezi unayabandua kwa kijiko. Jumapili ile nilikuwa nayabandua, na gamba moja lilipodondoka kwenye sufuria nyeusi nikasimama na kijiko mkononi.

Mtambo wetu wa kukeneka maji, ule unaoyachemsha yakawa mvuke halafu ukaupoza mvuke ukawa maji safi yasiyo na kitu, uliharibika Desemba. Uliharibiwa na magamba hayahaya; koili ilivaa koti la chumvi mpaka ikakatika. Kabla ya kudondosha tone kwenye wavu wa shaba ni lazima mchanganyiko uzimuliwe kwa maji, maana ukiwa mzito chembe zinalaliana. Kwa kuwa hatukuwa na mtambo, Profesa aliruhusu tununue maji ya betri kwenye duka la vipuri mjini. Maji ya betri yanatakiwa kuwa yaliyokenekwa. Chupa ilikuwa na lebo ya rangi ya bluu. Nani alikuwa ameyapima? Hakuna. Mimi ndiye niliyeifungua ile chupa Januari, na kabla ya hapo niliona vizuri kwamba kifuniko hakikuwa na kizibo cha kiwandani. Niliona, nikaifungua. Mimi ninayejifanya nahoji kila kitu.

Na chumvi ikikauka inajipanga vipi? Hata mwanafunzi wa kidato cha pili anajua. Inajipanga michemraba.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Profesa kabla hajafungua ofisi.

"Naomba saa mbili za mashine," nilisema. "Nataka kuweka tone la yale maji peke yake. Bila fedha, bila majani ya mzabibu. Maji matupu."

"Ili uone nini?"

"Ili nione kama hakuna kitu."

"Tuna waya mmoja tu wa akiba. Umeme unakatika ovyo. Wageni ni Alhamisi hii. Na wewe unataka tutumie mashine ile kutazama kitu ambacho hakipo?"

"Kama hakipo, nitatia saini papo hapo."

Aliweka mkoba wake chini. Hakuwa mtu mbaya, nataka nimtendee haki. Alikuwa amehangaika miaka kupata mashine, jengo, na heshima ya wenzake waliokuwa wakimcheka kwamba anajenga maabara kwenye nchi ya mbuyu na ng'ombe. Picha ile ilikuwa jibu lake kwao.

"Binti," alisema taratibu, "watu kama wewe wako wengi. Wanauliza, wanauliza, hawajengi. Alhamisi utasimama mbele ya picha, au utasimama nje ya kikundi. Chagua. Mashine hutaigusa."

Nilisema asante, maana mtu mzima akikusemesha unasema asante, nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha hadubini.

Mlangoni kulikuwa na daftari la zamu. Hiyo ilikuwa sheria ya Mzee: kila anayetumia mashine anaandika jina, siku, saa na sampuli, kwa kalamu ya wino. Hakuna kufuta. Ukikosea unapitisha mstari mmoja ili chini yake pasomeke. Niliandika jina langu, na Jumanne saa mbili asubuhi, na kwenye safu ya sampuli nikaandika: maji ya betri, matupu. Mzee alikuja akasoma juu ya bega langu.

"Umeruhusiwa?"

"Nimekatazwa."

"Umeandika kwa wino."

"Nimeandika kwa wino, Mzee."

Alikuna kidevu. Nilidhani atapitisha mstari. Akasema, "Daftari kama hili liliwahi kunigombanisha na mkurugenzi mzima, huko nilikotoka. Mimi nikikuta mtu kaandikwa zamu, nawasha. Njoo mapema, pampu inachukua muda kunyonya."

Jumanne nilitoa wavu mpya kwenye kisanduku, nikadondosha tone kutoka kwenye chupa yenye lebo ya bluu, nikalisubiri likauke chini ya kifuniko cha kioo. Wavu wa kwanza uliniponyoka, ukapotea sakafuni. Kitu cha ukubwa ule kikianguka usijisumbue kukitafuta. Wa pili ulikaa. Mzee aliuingiza, akaongeza umeme polepole huku anasikiliza mlio wa mashine kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Bamba likawaka kijani.

Ilikuwapo. Michemraba, mikubwa kwa midogo, imetawanyika kama dadu. Hapakuwa na hata chembe moja ya mviringo.

Nilifikiri nitafurahi. Sikufurahi. Miezi ya kazi yangu ilikuwa pale, imeandikwa kwa chumvi ya bomba.

"Piga picha," Mzee alisema, sauti ya chini. "Upesi, havivumilii." Kisha akajichekea mwenyewe, kicheko kifupi cha aibu.

Nilipiga picha nne. Nilikuwa nageuza filamu ya tano mlango ulipofunguliwa. Profesa alikuwa na daftari la zamu mkononi.

"Nani amewasha mashine?"

"Mimi," Mzee alijibu. "Yumo kwenye zamu."

"Nilimkataza!"

"Hukukataza kwenye daftari."

Profesa alinigeukia. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, nimeiandaa tangu Mkonze, yenye maneno makali mazuri. Sikuitumia. Nilisogeza kiti.

"Karibu utazame, Profesa. Halafu unifukuze."

Hakukaa. Aliinama tu, mikono mgongoni, akaweka macho kwenye kioo. Nilichagua kisanduku kimoja kikubwa, nikakiacha chini ya elektroni bila kukigusa. Ilichukua muda. Pampu ilinguruma. Kidoa cheupe kikatokea katikati, kikapanuka, pembe zikabaki zimesimama kama kuta za nyumba iliyobomoka paa. Tulitazama sote watatu.

"Hii ni sampuli gani?" hatimaye Profesa aliuliza, ingawa daftari lilikuwa mkononi mwake.

"Maji."

"Na fedha kiasi gani?"

"Hakuna. Maji ya duka la vipuri. Nafikiri mwenye duka ameyakinga bombani."

Alijinyoosha. "Zima," alimwambia Mzee, akaliweka daftari mezani, akatoka. Hakunifukuza. Hakusema pia kwamba sifukuzwi.

Jumatano niliisafisha filamu katika chumba cha giza, nikachapa picha moja kwenye karatasi kubwa kuliko zote zilizobaki. Ukurasa wa saini niliurudisha ofisini kwake ukiwa mtupu, nikaubana na kipande cha karatasi: "Naomba jina langu liondolewe chini ya picha." Hilo lilikuwa la kwanza. La pili nililifanya Alhamisi alfajiri, kabla wafagiaji hawajaingia. Nilipigilia msumari kando ya fremu ya mninga, nikaitundika picha yangu. Haikuwa na fremu. Chini yake niliandika kwa kalamu nene: Maji matupu. Kisha nikaenda kusimama nje, chini ya jua, kwenye changarawe ambapo magari ya wageni yangeegeshwa. Niliambiwa nichague, nikachagua. Sare yangu ilikuwa sketi ya kila siku.

Profesa alifika saa moja na nusu, suti ya kijivu, tai. Alinipita. Kupitia madirisha ya ukumbi nilimwona akisimama mbele ya zile picha mbili. Yeyote ambaye hajui chochote, hata dereva, angeziona zinafanana kama mapacha. Alisimama muda mrefu. Niliona mkono wake ukienda kwenye picha yangu. Sawa, nilijisemea, nitaichapa nyingine, filamu ninazo. Aliitoa. Aliikunja kwa uangalifu akaiweka chini ya kwapa. Halafu akashika fremu ya mninga kwa mikono miwili, akaishusha, akaigeuzia uso ukutani nyuma ya mlango.

Ukutani ilibaki misumari miwili, na mstatili mmoja msafi pale fremu ilipokuwa imeuzuia ukuta usile vumbi.

Wageni walipofika, Mzee alinifuata kwenye changarawe. "Unaitwa."

"Nani ananiita?"

"Utajuaje usipokwenda?"

Ndani, Profesa alikuwa anaeleza kuhusu chembe za mviringo za Novemba, zile za kawaida ambazo hata vyuo vingine vilishazipata. Aliziita matokeo ya mwanzo. Mgeni mmoja aliuliza misumari ile ni ya nini. Profesa alinitazama.

"Mwanafunzi wangu atawaeleza," alisema. Sikujua kama ananipa nafasi au ananisukuma mbele ya gari.

Nikaeleza. Nilieleza habari ya mtambo, na magamba, na chupa, na kwamba mkono uliodondosha yale maji tangu Januari ulikuwa wangu. Mtu wa wizarani aliandika kitu na hakutabasamu. Wageni wa ng'ambo waliuliza maswali mengi kuliko walivyopanga, wakaomba kuona daftari la zamu, na Mzee akaenda kulichukua akitembea kwa madaha ambayo sijawahi kuyaona kwake.

Kikundi hakikufa. Hakikuchanua pia; tulipewa mwaka mmoja na mtambo mdogo wa kukeneka, na ripoti haikuchapishwa. Profesa hakunisemesha zaidi ya salamu kwa muda mrefu, na kazi ya kubandua magamba kwenye ule mtambo alinipa mimi peke yangu, kila Ijumaa, kwa kijiko. Niliyabandua. Sikuomba msamaha, na sikuombwa msamaha.

Mlangoni pa chumba cha hadubini kikaja kubandikwa kibao: kila asubuhi, kabla ya sampuli yoyote, litazamwe tone la maji matupu. Chini kimesainiwa na Profesa. Nilipohitimu nilimsikia akiwaambia wanafunzi wapya kwamba amekuwa akisisitiza sheria hiyo tangu mwanzo. Walikuwa wanaitikia na kuandika. Sikumkatiza. Nilimwambia yule aliyekaa karibu na mlango, binti mmoja mwenye uso wa kutoamini, afungue daftari la zamu, arudi nyuma mpaka Januari ile, halafu asogee mbele kurasa chache, Jumanne, saa mbili asubuhi, asome safu ya sampuli. Imeandikwa kwa wino.